Hodi Mlangoni: Somo Kuhusu Vitasa Visivyotumia Waya

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi niliuliza, nikajifunza, na kwa kuwa elimu haifai kufichwa uvunguni, nawaletea walimu na wanafunzi wenzangu somo hili. Linahusu kitasa cha mlango. Najua baadhi yenu mtacheka, mkisema, "Kitasa nacho kina somo gani?" Subirini kidogo. Kitasa hicho nusura kimfukuzishe shule mwenzetu asiye na hatia.

1. KISA CHENYEWE

Tuliporudi kutoka likizoni kuanza muhula wa pili, tulikuta mlango wa chumba cha tarakilishi umeng'olewa kitasa cha zamani na kuwekewa kipya. Kipya hiki hakikuwa na ufunguo wa kuning'iniza kiunoni, wala waya hata mmoja unaoingia ukutani. Unakisogezea kadi, kinalia "pii", taa ya kijani inawaka, nawe unaingia. Usiporuhusiwa, kinalia mara tatu na taa nyekundu inawaka. Wanafunzi hawakukawia kukipa jina. Wakakiita Soja.

Siku moja ya Jumanne, mwalimu wa somo la tarakilishi alihesabu vipakatalishi akakuta kimoja hakipo. Naibu wa mwalimu mkuu akaagiza kumbukumbu za mlango zichapishwe, kwa maana Soja huandika kila kadi inayofungua na saa yake. Karatasi ikatoka. Kadi ya mwisho kabla ya wizi kugunduliwa ilikuwa ya kiranja wa tarakilishi, na mbele yake palikuwa na tarakimu hizi: 02:20.

Karani akasoma kwa sauti, "Saa mbili na dakika ishirini usiku."

Mwenzetu akashusha pumzi. Saa mbili na dakika ishirini usiku alikuwa kwenye prepu, na darasa zima lilimwona. Lakini mwalimu mmoja akasema, "La, karani. Mashine haijui Kiswahili. Hiyo ni saa nane na dakika ishirini usiku."

Mambo yakageuka. Saa nane usiku sote tulikuwa tumelala fofofo, basi nani angemtolea ushahidi? Uvumi ukaenea bweni hadi bweni. "Lisemwalo lipo," walisema wengine, "na mashine haina sababu ya kumsingizia mtu." Barua ya kumwita mzazi ikaandikwa. Mama yake huuza mboga sokoni, na nauli ya kuja shuleni na kurudi ingekula faida ya siku kadhaa, sembuse aibu ya kuambiwa mwanawe ni mwizi.

Yalivyokwisha nitawaeleza. Lakini hamtayaelewa barabara kabla hatujamfahamu huyu Soja na tabia zake.

2. SOJA ANAVYOFANYA KAZI

Kwetu mtu mwungwana hafungui mlango wa mwenzake bila kupiga hodi. Mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Akiitambua sauti husema, "Karibu." Kitasa cha kadi kimefundishwa adabu hiyo hiyo, ila chenyewe huuliza maswali matatu. La kwanza: wewe ni nani? La pili: je, umeruhusiwa kupita mlango huu? La tatu: je, saa hizi ni saa zako? Majibu yote matatu yakiwa sawa, mota ndogo ndani yake huzunguka, ulimi wa kitasa huachiliwa, na mpini hufungua.

Kadi yenyewe haina betri. Ukiipasua (usiipasue ya shule!) utakuta koili ya waya mwembamba na kipande kidogo cha elektroniki. Sehemu ya kusomea kadi iliyo mlangoni hutoa uga wa sumaku unaobadilika haraka sana, kwa kawaida mara 13,560,000 kwa sekunde. Kadi za zamani hutumia mara 125,000. Uga huo ukipita katika koili, umeme huzaliwa. Hili ndilo jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka wa 1831, na sisi tunalisoma katika fizikia tukidhani ni la mtihani tu. Umeme huo mdogo huiamsha kadi, nayo hujitambulisha. Ndiyo sababu kadi husomwa ikiwa sentimita chache tu kutoka kitasani.

Baada ya kadi kusomwa, kitasa hutazama orodha iliyo katika kumbukumbu yake. Orodha hiyo hutoka kwenye tarakilishi ya ofisi, na hapa ndipo mawimbi ya redio yanapoingia. Tarakilishi imeunganishwa na kisanduku cha mawasiliano kilichofungwa kwenye dari ya ukumbi, na kisanduku huzungumza na vitasa kwa redio. Vingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, sawa na Bluetooth. Kisanduku hupeleka majina mapya, na kitasa hurudisha taarifa ya walioingia.

Zingatieni jambo hili: kitasa hakisikilizi redio muda wote. Kingefanya hivyo, betri zake zingekwisha upesi. Kwa hiyo hulala, kikaamka kila baada ya muda kuuliza kama kuna habari, kisha kikalala tena. Ukibonyeza amri kwenye tarakilishi na usione lolote, usibonyeze mara kumi kama mtu anayeita matatu iliyokwisha ondoka. Ngoja kiamke.

Wazo la ufunguo unaoweza kubadilishwa bila kung'oa kitasa si la jana. Katika miaka ya 1970 Mnorwe aitwaye Tor Sørnes alibuni kitasa cha hoteli kilichosoma kadi ya plastiki yenye mahali 32 pa kutobolewa matundu. Mahali 32, kila pamoja pakiwa na tundu au pakiwa wazima, hutoa mipangilio zaidi ya bilioni nne. Pigeni hesabu wenyewe: mbili kwa kipeo cha 32.

3. MATUMIZI YA KILA SIKU

Mwenye kadi ana wajibu kama mwenye ufunguo. Haya ndiyo niliyojifunza kutoka kwa fundi aliyekuja kukitazama kitasa chetu.

(a) Iweke kadi mbele ya kitasa, itulie sekunde moja. Usiipitishe kwa kasi kama anayefukuza nzi.

(b) Usiifunge pamoja na kadi nyingine za aina yake. Mbili zikijitambulisha kwa pamoja, kitasa huweza kushindwa kusikia hata moja, kama darasa ambalo kila mtu anajibu bila kuinua mkono. Pia usiiweke nyuma ya sarafu au karatasi ya fedha ya sigara, kwa kuwa metali huuzuia ule uga wa sumaku.

(c) Usimwazime mtu kadi. Kitasa hakiijui sura yako; kinaijua kadi. Rafiki yako akiingia nayo, aliyeingia kitabuni ni wewe.

(d) Kadi ikipotea, sema siku hiyo hiyo. Wengi hudhani jina likifutwa kwenye tarakilishi, basi mlango umekwisha jua. Sivyo. Kama mawasiliano yamekatika, kitasa bado kinaishi na orodha ya zamani, na kadi iliyofutwa ofisini huendelea kufungua mpaka habari imfikie Soja.

(e) Usidhani kadi haiwezi kuigwa. Zile nyingi za zamani hutaja namba ile ile kila zinapoulizwa, na namba ikisikika mara moja yaweza kunakiliwa. Hata baadhi ya zilizosifiwa kuwa salama zilianguka: mwaka wa 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi walionyesha kuwa siri ya kadi ya MIFARE Classic yaweza kuvunjwa. Kadi bora za leo hupewa fumbo jipya kila mara, nazo hulifumbua bila kuitaja siri yenyewe. Wapenzi wa vitendawili mtanielewa.

4. KITASA KIKIKATAA

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mlango ukikataa kufunguka, tunaupiga teke, tunaurusha mpini juu na chini, halafu tunasema, "Mtandao umeanguka." Fundi wetu aliniambia, "Kijana, usianze na redio. Anza na mlango." Akanipa hatua sita, na amri moja inayozitangulia zote: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha betri, kadi na mipango kwa pamoja, kikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Hatua ya kwanza: mlango wenyewe. Mbao hufura wakati wa masika, na bawaba hulegea mlango ukashuka. Hapo ulimi wa kitasa hukwaruza ukingo wa tundu lililo kwenye mwimo, na mota haina nguvu ya kushindana na mlango mzima. Jaribio lake ni rahisi. Mlango ukiwa wazi, toa ulimi, kisha weka kadi na ugeuze mpini. Ulimi ukirudi vizuri mlango ukiwa wazi, lakini ukakwama mlango ukiwa umefungwa, elektroniki haina kosa. Mwite seremala. Unaweza pia kuuvuta au kuusukuma mlango kidogo unapoweka kadi. Ukifunguka, umekwisha jipatia jibu.

Hatua ya pili: betri. Vitasa vingi hutumia betri nne ndogo, zile za saa ya ukutani. Kila moja ikiwa mpya ina volti 1.5, hivyo zote kwa mfululizo ni volti 6. Zikichakaa hadi volti 1.2 kila moja, jumla ni 4.8, na hapo vitasa vingi huanza kulalamika. Sasa elewa kwa nini betri za kuchajiwa huleta taabu: kwa kawaida hizo ni za volti 1.2 hata zikiwa nzima, na kitasa hudhani zinakaribia kufa. Tena usidanganywe na kipima volti. Betri iliyochoka ikipumzika huonyesha volti nzuri, lakini mota ikianza kuzunguka volti hushuka ghafla. Ipime wakati wa kazi. Ukibadilisha, badilisha zote nne, za aina moja. Na kama betri zimekufa kabisa ukiwa nje? Baadhi ya vitasa vina ncha mbili upande wa nje. Ukizigusisha betri ya volti 9, kitasa hupata uhai wa kutosha kusoma kadi yako. Vingine vina tundu la ufunguo lililofichwa chini ya kifuniko. Shule ijue ufunguo huo uko kwa nani.

Hatua ya tatu: kadi au mlango? Chukua kadi iliyokataliwa uijaribu mlango mwingine inakoruhusiwa. Kisha chukua kadi nyingine nzima uijaribu mlango huu. Kadi yako ikikataliwa kote, tatizo ni la kadi au la jina lako. Kadi zote zikikataliwa mlango mmoja, tatizo ni la mlango huo. Zote zikikataliwa milango yote, tazama ofisini. Majaribio mawili tu, na umepunguza nyumba za kutafuta kutoka tatu hadi moja.

Hatua ya nne: ruhusa. Taa nyekundu si ugonjwa. Mara nyingi ni jibu sahihi kwa swali la pili au la tatu. Huenda kadi imepitwa na tarehe, au umekuja nje ya saa zako. Kitasa kisichowaka taa yoyote kina shida ya nguvu. Kinachowaka nyekundu kinakusikia vizuri, ila hakikubali.

Hatua ya tano: redio. Dalili yake si mlango kukataa watu wa siku zote. Hao hufunguliwa kwa orodha iliyo ndani. Dalili ni hii: kadi mpya hazikubaliwi, na kumbukumbu haziji ofisini. Kwanza tazama kama kisanduku cha mawasiliano kina umeme; mara nyingi mtu amekichomoa ili achaji simu. Kisha tazama kilichobadilika kati yake na mlango. Je, imeletwa kabati la chuma? Limejengwa banda la mabati? Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5 tu, na metali hulirudisha kama kioo kinavyorudisha mwanga. Umbali nao una gharama: hata pasipo kizuizi, ukiuzidisha mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Kukisogeza kisanduku mita mbili, kiepukane na kabati, hutibu zaidi ya kununua kitasa kipya.

Hatua ya sita: saa. Kwenye hatua hii ndipo kisa chetu kilipolala.

5. SAA YA MASHINE NA SAA YETU

Fundi alikuja Alhamisi, kwa kazi nyingine kabisa. Alikuwa ameitwa kubadilisha betri. Mimi nilitumwa kumshikia tochi. Alipomaliza aliweka kadi yake ya majaribio, akaenda kutazama kumbukumbu kwenye tarakilishi ya ofisi. Akakunja uso.

"Kijana, saa yako inasemaje?"

"Saa nne na dakika arubaini na tano, fundi."

"Hii mashine inaniambia 07:45."

Nikafikiri ninajua. Nikamwambia, "Labda imehesabu Kiswahili, na sisi tumehesabu Kizungu."

Akacheka. "Saa zetu na zao hutofautiana kwa sita. Saa nne asubuhi kwao ni kumi. Basi kumi na arubaini na tano toa saba na arubaini na tano, unabaki na ngapi?"

"Tatu."

"Tatu, si sita. Sasa niambie, nani aliiweka saa ya tarakilishi hii?"

Ikawa hakuna aliyeiweka. Programu ya milango ilikuwa imeachwa kama ilivyotoka kiwandani, ikihesabu saa za ulimwengu, ambazo ndizo za Greenwich. Na kama tunavyojua kutoka somo la jiografia, Kenya imetangulia Greenwich kwa saa tatu. Kila mlango uliofunguka tangu muhula uanze ulikuwa umeandikwa saa tatu nyuma.

Nilihisi moyo ukidunda. Nikasema, "Fundi, 02:20 ukiongeza tatu?"

"05:20. Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Kuna nini?"

Sikumjibu. Nilikimbia langoni kwa mzee wetu wa ulinzi, nikamwomba atufungulie kitabu chake cha matukio. Mzee huyu haamini tarakilishi. Huandika kwa kalamu, kwa mwandiko wa shule za zamani, na kwa saa za Kiswahili. Kwenye ukurasa wa Jumanne aliandika kwamba saa 11.20 alfajiri kiranja wa tarakilishi alifungua chumba kwa prepu ya asubuhi, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu, na taa zikawashwa.

Saa zikaoana kama bakuli na kawa. Mwenzetu alikuwa ameingia saa zake, kwa kazi yake, kwa ruhusa. Naibu wa mwalimu mkuu alikisoma kitabu cha mzee, akaisoma karatasi ya mashine, akaichukua ile barua ya mzazi akaichana mbele yetu. Kesho yake kwenye paredi alimtaja mwenzetu kwa jina, akamwomba radhi. Si kila mkubwa anayeweza kufanya hivyo, nasi tukampigia makofi. Kipakatalishi chenyewe kilipatikana wiki iliyofuata kwenye kabati la idara nyingine, walikokiazima bila kuandika.

Tunajifunza nini? Mashine haikusema uongo, lakini haikusema Kiswahili wala haikusema saa za Nairobi. Waliodanganyika ni wasomaji. Kabla ya kumhukumu mtu kwa karatasi ya mashine, fanya jaribio la dakika moja: weka kadi sasa hivi, tazama saa ya mkononi, kisha tazama mashine imeandika nini. Angalia pia kama betri zilikaa nje kwa muda mrefu, kwa sababu baadhi ya vitasa hupoteza saa na tarehe vikikosa nguvu. Na kumbukumbu moja itafutiwe ya pili ya kuilinganisha nayo. Nasi wana Kiswahili tuongeze letu: tukitafsiri saa ya tarakimu, tusome kwanza ni ya mchana au ya usiku, ndipo tuongeze au tupunguze sita.

6. JE, MABWENINI?

Baada ya mambo hayo, kukazuka mjadala shuleni kwamba vitasa hivi viwekwe mabwenini pia, ili wanaotoroka usiku wajulikane. Wengine walishangilia. Mimi naomba tusimame hapa kidogo, kwa kuwa mlango wa bweni si kama mlango wa chumba cha tarakilishi. Chumba cha tarakilishi kinalinda mali. Bweni limelaza watu.

Nchi yetu inayo makaburi yanayotufundisha hili. Machi 1998, moto uliteketeza bweni la Shule ya Wasichana ya Bombolulu huko Pwani, wasichana 26 wakafa. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, walikufa wavulana 67. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili, lakini mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Mwongozo huo unataka milango ya bweni ifunguke kuelekea nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma.

Basi kabla ya kuuliza kitasa kitamzuia nani kuingia, tuulize kitamzuia nani kutoka. Vitasa vya umeme ni vya tabia mbili nguvu ikikatika. Kuna vinavyojiachia, mlango ukawa wazi. Na kuna vinavyobaki vimefunga. Vile vya sumaku kubwa hushikilia mlango kwa umeme, na umeme ukikatika huachia, isipokuwa kama vimewekewa betri ya akiba. Ndiyo maana vinapaswa kuunganishwa na kengele ya moto, na pawepo kitufe cha dharura cha kuvikatia umeme. Vile vya betri kama Soja kwa kawaida hubaki vimefunga upande wa nje, lakini kilichotengenezwa vyema kina mpini wa ndani unaovuta ulimi kwa chuma tupu, bila kadi, bila betri, bila redio. Huo mpini wa ndani ndio roho ya mlango.

Jaribio lake lifanywe kila muhula, walimu wakiwapo. Funga mlango mtu akiwa ndani. Toa betri. Zima taa. Mwambie atoke kwa mkono mmoja, gizani. Akitoka mara moja bila kutafuta chochote, kitasa kinafaa. Akianza kupapasa, au akiuliza, "Kadi iko wapi?", basi hicho si kitasa cha bweni hata kama kimetoka nchi gani, hata kama kimenunuliwa kwa fedha ngapi. Na kama mlango unafungukia ndani, au kuna kufuli ya ziada na mnyororo kwa nje, basi kitasa kizuri hakitatuokoa.

Nilimwuliza mzee wetu wa ulinzi maoni yake. Akasema, "Mwanangu, mlango wa wezi mimi nitaulinda. Mlango wa moto kila mtu ajifungulie." Sina la kuongeza.

HITIMISHO

Wapenzi wasomaji, vitasa hivi vimekuja na vitaendelea kuja: maofisini, hotelini, hospitalini, na sasa shuleni. Tusiviogope wala tusiviabudu. Mwenye kuvijua atavitumia, atavitengeneza, na atawatetea wenzake visipoeleweka. Anza na mlango, kisha betri, kisha kadi, kisha ruhusa, kisha redio, kisha saa. Na hata kabla ya hayo yote, hakikisha aliye ndani anaweza kutoka.

Kiswahili kitukuzwe!

MAZOEZI

1. Mlango unafunguka kwa kadi ukiwa wazi, lakini ukifungwa unakwama. Utamwita nani kwanza, na kwa nini?

2. Kadi za zamani zinafungua, lakini kadi za Kidato cha Kwanza zilizoandikishwa jana hazifungui. Taja mambo mawili utakayoyatazama.

3. Programu inayohesabu saa za Greenwich imeandika 16:35. Andika saa hiyo kwa maneno, kwa saa za Kiswahili nchini Kenya.

4. Betri nne za kuchajiwa za volti 1.2 zimetiwa kitasani kwa mfululizo. Jumla ni volti ngapi? Eleza kwa nini kitasa kinaweza kulalamika.

5. Andika insha ya ukurasa mmoja kuunga mkono au kupinga kauli hii: "Mlango wa bweni uwe na kitasa cha kadi." Usisahau mpini wa ndani.

(Jibu la swali la 3: saa moja na dakika thelathini na tano jioni. Aliyeandika saa kumi na dakika thelathini na tano amekumbuka Kiswahili lakini amesahau Greenwich, na arudie sehemu ya tano.)